Kabla ya kununua kalipa kubwa, lijue joto

Kwenye milima ya Eifel, magharibi mwa Ujerumani, kuna barabara ya kilomita 20.8 inayojizungusha ndani ya msitu. Inapanda, inashuka, ina kona zaidi ya 70, na kati ya sehemu yake ya juu kabisa na ya chini kabisa kuna tofauti ya kimo ya mita 300 hivi. Hiyo ndiyo Nürburgring Nordschleife, iliyofunguliwa mwaka 1927. Jackie Stewart, bingwa wa Formula 1 kutoka Scotland, aliibatiza Jahanamu ya Kijani, na jina hilo halijabanduka hadi leo.

Nyakati ambazo hakuna mashindano wala majaribio ya viwanda vya magari, lango lake hufunguliwa kwa umma. Mwenye leseni halali na gari lililosajiliwa hulipa kiingilio na kuingia. Utaona magari ya familia, utaona Porsche za bei ya nyumba, na utaona vijana waliojinyima mengi ili wanunue gari dogo la spoti kama Toyota GT86 au Mazda MX-5. Wengi wameshaboresha injini, ekzosi na rimu. Lakini kabla mzunguko wa pili haujaisha, baadhi yao hurudi taratibu, harufu kali ya pedi zilizoungua ikiwafuata, na mguu wa kulia ukikanyaga pedeli iliyokuwa ngumu asubuhi na sasa inazama.

Makala haya yanahusu kilichowarudisha. Kuboresha breki za gari la spoti kwa ajili ya saketi, yaani njia ya mbio kama hiyo, ni kazi ya kudhibiti joto, na kazi hiyo ina mpangilio wake. Huanza na vitu vya bei nafuu ambavyo havionekani kwa macho, na huishia kwenye vitu vya gharama ambavyo kila mtu huvisifia kwenye maegesho. Anayeugeuza mpangilio huo hupoteza fedha, na anaweza kupoteza zaidi ya fedha.

Nishati ya gari huenda wapi?

Tuichukue GT86 iwe mfano wetu. Ni gari la milango miwili lililotoka mwaka 2012 kwa ushirikiano wa Toyota na Subaru. Injini yake ya kwanza ilikuwa na nguvu za farasi 200, yaani kilowati 147. Likiwa na dereva na petroli, tulihesabie kilo 1,300.

Tuseme dereva anakaribia kona akiwa kwenye kasi ya kilomita 200 kwa saa, na kona yenyewe inataka 80. Tairi nzuri kwenye lami kavu zinaweza kupunguza mwendo huo ndani ya sekunde tatu na nusu hivi, kwa umbali wa mita 130 au zaidi kidogo. Katika sekunde hizo, gari linapaswa kuachana na nishati ya karibu megajuli 1.7. Hiyo ni nishati ya kutosha kuchemsha lita tano za maji ya bomba mpaka yatokote, na yote inapita kwenye diski nne na pedi nane kabla hujamaliza kuvuta pumzi.

Gawanya nishati hiyo kwa muda uliotumika, utapata wastani wa karibu kilowati 500. Kwa maneno mengine, breki za gari hili dogo, kwa sekunde hizo chache, zinafanya kazi zaidi ya mara tatu ya uwezo wa injini yake. Mtu anayeongeza nguvu ya injini bila kugusa breki hajajiuliza kasi hiyo mpya itazimwa na nini.

Mzigo huo haugawanyiki sawa. Ukikanyaga breki kwa nguvu, uzito huhamia mbele, na breki za mbele hubeba karibu asilimia 70 ya kazi. Tukikadiria kwamba kila diski ya mbele ina kilo nane za chuma, kona moja kama hiyo inaipandisha joto kwa nyuzi 150 za Selsiasi hivi. Barabarani hilo si tatizo, kwa sababu kufunga breki namna hiyo hutokea mara chache sana na diski hupata dakika nyingi za kupoa. Kwenye saketi, kona inayofuata inafika kabla joto la kona iliyopita halijaondoka. Joto linapanda juu ya joto, mpaka kiungo dhaifu kuliko vyote kisalimu amri.

Nordschleife inaonyesha jambo hili waziwazi. Gari likitoka kwenye mteremko wa kasi wa Schwedenkreuz hufunga breki kali kuingia kona ya Aremberg. Mara linatumbukia kwenye bonde la Fuchsröhre na kupanda tena, na hapo breki zinaitwa upya kwa ajili ya Adenauer Forst. Kisha kuna mfululizo wa kushuka kutoka Kallenhard, kupitia Wehrseifen, hadi daraja la Breidscheid, ambako mvuto wa dunia unalisukuma gari wakati huohuo dereva anataka kulizuia. Ni baada ya hapo tu ndipo mlima mrefu wa Kesselchen unapozipa breki nafasi ya kupumua. Dereva anayeijua njia hii anapanga breki zake kwa kuijua milima yake.

Dalili mbili ambazo dereva lazima azitofautishe

Breki zinapozidiwa na joto, hufeli kwa njia mbili, na kila njia ina dawa yake.

Njia ya kwanza ni pedi kupoteza mshiko. Pedeli inabaki ngumu na ya juu kama kawaida, unakanyaga kwa nguvu zote, lakini gari halipungui mwendo inavyopaswa. Pedi za kawaida zimeundwa kwa ajili ya barabara: zishike vizuri asubuhi zikiwa baridi, zisipige kelele, zidumu. Zikipata joto la juu sana, viunganishi vilivyomo ndani yake huanza kuharibika na kutoa gesi, na msuguano hushuka.

Njia ya pili inatisha zaidi. Pedeli inakuwa laini, inashuka, na mara nyingine inagusa sakafu bila gari kupungua mwendo hata kidogo. Hapa mafuta ya breki yamechemka. Mfumo wa breki unategemea ukweli mmoja: kimiminika hakibanwi kikapungua, kwa hiyo nguvu ya mguu inafika kwenye pistoni za kalipa, kifaa kinachobana pedi kwenye diski, bila kupotea njiani. Mafuta yakichemka, mapovu ya mvuke hutokea ndani ya kalipa, na mvuke hubanwa kwa urahisi sana. Mguu wako unayabana mapovu wakati pedi zimekaa zilipo.

Dereva anayezijua dalili hizi anajua pia aanzie wapi kurekebisha. Pedeli ngumu isiyosimamisha gari inakwambia ubadilishe pedi. Pedeli inayozama inakwambia uangalie mafuta. Zote mbili zinakwambia upunguze mwendo sasa hivi na urudi kwenye maegesho bila kubishana na gari.

Hatua ya kwanza: mafuta ya breki

Hakuna shilingi inayofanya kazi kubwa kwenye saketi kama ile inayonunua mafuta mapya ya breki. Mafuta ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 yana asili ya glaikoli, na yote yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani. Kadiri yanavyonyonya maji, ndivyo kiwango chake cha kuchemka kinavyoshuka. Viwango vya kimataifa vinataka DOT 4 ikiwa mpya ichemke kwa nyuzi zisizopungua 230. Ikishanyonya maji ya kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 155 tu. DOT 3 iliyochakaa inaruhusiwa kushuka hadi 140.

Gari lililokaa miaka mitatu bila kubadilishwa mafuta ya breki linaweza kuonekana zima kabisa mjini. Lipeleke saketi, na mafuta hayo yatachemka. Mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili ya mashindano huchemka kwa zaidi ya nyuzi 300 yakiwa mapya. Yanagharimu zaidi na yanataka kubadilishwa mara nyingi zaidi, lakini ukilinganisha na bei ya kalipa mpya, hiyo ni gharama ndogo sana.

Masharti yake ni machache, nayo hayana mjadala. Tumia kopo jipya lililofungwa, kwa sababu kopo lililofunguliwa mwezi uliopita limeshaanza kunyonya unyevu. Usichanganye mafuta hayo na DOT 5, ambayo ni ya silikoni na ni jamii nyingine kabisa. Mwambie fundi atoe upepo kwenye magurudumu yote manne mpaka mafuta safi yatoke bila povu. Na ikiwa pedeli ilianza kulainika wakati wa siku ya saketi, toa upepo tena kabla ya safari ya kurudi nyumbani.

Wengi hubadilisha pia hosi za mpira na kuweka zenye mfuma wa chuma. Hosi hizo hazitanuki sana zinapobanwa, kwa hiyo pedeli inakuwa na hisia thabiti. Ni nyongeza nzuri, hasa kama hosi za zamani zimechoka. Lakini hazipunguzi joto, na hazitazuia mafuta mabaya yasichemke.

Hatua ya pili: pedi

Baada ya mafuta, pedi ndizo zinazobadilisha gari zaidi. Pedi za saketi hutengenezwa kwa mchanganyiko unaobaki na mshiko katika joto ambalo pedi ya barabarani imeshasalimu amri, joto la mamia ya nyuzi mzunguko baada ya mzunguko. Historia ya sayansi hii ni ndefu. Mwaka 1897, Mwingereza Herbert Frood alianzisha kazi ambayo baadaye ilikuja kuwa kampuni ya Ferodo, akitafuta nyenzo bora ya kusimamishia magari ya kukokotwa na farasi kwenye miteremko ya Derbyshire. Tangu wakati huo swali halijabadilika: nyenzo gani itashika vizuri ikiwa moto, bila kulila gurudumu au diski?

Kila jibu lina gharama yake. Pedi ya saketi kamili hupiga kelele mjini, hutoa vumbi linaloharibu rangi ya rimu, na hula diski haraka. Kubwa zaidi, nyingine hazishiki vizuri zikiwa baridi. Mtu anayekwenda nazo sokoni siku ya mvua anaweza kushtuka kwenye taa za kwanza za barabarani. Kwa hiyo mwenye gari moja la kazi na la michezo ana njia mbili za busara: achague pedi za kati zilizotengenezwa kwa matumizi yote mawili, au awe na seti mbili na abadilishe kabla na baada ya siku ya saketi. Kwenye magari mengi hiyo ni kazi ya saa moja au mbili kwa fundi mzoefu.

Pedi mpya zinahitaji kuzoeshwa kabla ya kupewa kazi nzito. Hufanywa kwa mfululizo wa kufunga breki kutoka kasi ya wastani hadi kasi ndogo, bila kusimama kabisa, huku nguvu ikiongezwa kidogo kidogo, kisha gari linaendeshwa bila breki ili kila kitu kipoe. Kwa njia hiyo gesi ya mwanzo hutoka kwenye pedi, na tabaka jembamba la nyenzo ya pedi hukaa sawasawa juu ya diski. Msuguano wa breki unategemea tabaka hilo kwa kiasi kikubwa. Anayeruka hatua hii anaweza kufelishwa na pedi mpya kabisa, za bei kubwa, kwenye mzunguko wa kwanza.

Hapo pia ndipo penye asili ya lalamiko ambalo kila fundi amelisikia: "Diski zangu zimepinda." Carroll Smith, mhandisi wa Marekani aliyefanya kazi kwenye mradi wa Ford wa Le Mans katika miaka ya 1960, alieleza kwa maandishi kwamba mara nyingi mtetemo unaosikika kwenye usukani unatokana na nyenzo ya pedi iliyoganda kwa mafungu juu ya diski, wala chuma chenyewe hakijapinda. Sababu kubwa ni dereva kusimama na kushikilia breki zikiwa zimewaka moto. Pedi inaacha alama yake pale ilipoganda, na alama hiyo inaongezeka kila siku.

Hatua ya tatu: diski na hewa

Diski ina kazi mbili: kutoa uso wa msuguano, na kuhifadhi joto mpaka hewa ilichukue. Kwa hiyo uzito na unene wake ni sehemu ya uwezo wake. Diski iliyochakaa ni nyembamba, ina chuma kidogo cha kubeba joto, na inapata moto haraka zaidi. Kila diski huandikwa unene wa chini unaoruhusiwa. Kwa saketi, usisubiri kufika hapo.

Diski za mbele za magari ya spoti huwa na uwazi katikati, wenye mapezi ya ndani. Gurudumu likizunguka, mapezi hayo huvuta hewa kutoka katikati ya diski na kuitupa nje kupitia kwenye ukingo. Diski nyingine zina mapezi yaliyopinda kwa mwelekeo maalumu, kwa hiyo ya kushoto si ya kulia. Fundi akizifunga kinyume, upoozaji unapungua na mwenye gari hatajua kwa nini.

Kuhusu matundu na mifereji juu ya uso wa diski, urembo umepotosha wengi. Mifereji husaidia kufagia uso wa pedi na kuondoa gesi na vumbi. Matundu hupunguza uzito na hutoa njia kwa maji siku ya mvua, lakini kwenye joto kali la saketi nyufa huanzia kwenye kingo za matundu hayo. Kwa gari la saketi lenye diski za chuma, diski isiyo na matundu, yenye mifereji au laini kabisa, ndiyo chaguo la busara. Na bila kujali aina, kagua nyufa baada ya kila siku ya mbio. Ufa unaofika ukingoni mwa diski ni amri ya kuitupa.

Halafu kuna hewa, dawa ambayo wengi huisahau kwa sababu haiuzwi kwenye boksi la kuvutia. Bomba la kupitisha hewa kutoka kwenye bampa la mbele hadi katikati ya diski linaweza kushusha joto kuliko mtu anavyotarajia. Muhimu ni hewa ifike katikati, pale diski inapoivuta. Hewa inayopulizwa upande mmoja tu wa uso wa diski huipoza bila usawa.

Njia ya kuaminika ya kujua kama juhudi zako zinafaa ni kupima. Zipo rangi maalumu zinazopakwa kwenye ukingo wa diski. Ya kijani hubadilika ikifika nyuzi 430, ya rangi ya chungwa 560, na nyekundu 610. Ukirudi kwenye maegesho unasoma diski yako na kujua imefika wapi, kisha unachagua pedi kwa kufuata joto halisi la gari lako badala ya ushauri wa jirani.

Hatua ya mwisho: kalipa kubwa

Sasa tufike kwenye kitu ambacho wengi hukianza. Seti ya breki kubwa, yenye diski pana na kalipa za pistoni nne au sita zilizopakwa rangi ya kung'aa, ina faida za kweli. Diski kubwa hubeba joto zaidi. Kalipa ngumu haitanuki inapobanwa. Pedi kubwa hudumu zaidi. Gari zito lenye nguvu nyingi linaweza kuhitaji vyote hivyo.

Jambo ambalo seti hiyo haifanyi ni kufupisha umbali wa kusimama mara ya kwanza. Breki za kawaida za gari la kisasa zikiwa nzima zina nguvu ya kutosha kuifanya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, ianze kazi. Ikishafika hapo, kinachoamua gari litasimama wapi ni mshiko wa tairi kwenye lami. Thamani ya breki kubwa huonekana kwenye mzunguko wa tano na wa kumi, pale ndogo zinapokuwa zimeshachemka. Ukitaka gari lisimame mapema zaidi mara ya kwanza, nunua tairi bora.

Hatari ya seti hizi ni uwiano. Wahandisi wa kiwanda huchagua ukubwa wa pistoni za mbele na za nyuma, masta silinda (pampu inayosukumwa na pedeli) na mpangilio wa ABS vifanye kazi kwa pamoja. Ukiweka kalipa zenye pistoni kubwa mbele peke yake, unaweza kuhamishia kazi yote mbele, breki za nyuma zikabaki bila mchango, na umbali wa kusimama ukarefuka baada ya kutumia fedha nyingi. Pistoni kubwa pia zinataka mafuta mengi zaidi kwa kila mkanyago, na pedeli inakuwa ndefu. Wapo mashabiki wa Subaru wa Nairobi na Dar es Salaam wanaotafuta kalipa za Brembo zilizotumika za Impreza WRX STI ili wazifunge kwenye Impreza ya kawaida. Wanapaswa kuuliza kwanza habari za masta silinda, breki za nyuma na nafasi ndani ya rimu. Rangi ya dhahabu ya kalipa iulizwe mwisho.

Ujerumani kwenyewe sheria inalisimamia jambo hili kwa ukali. Saa za umma za Nordschleife zinaendeshwa kwa sheria za barabarani, na pedi zinazotumika barabarani zinapaswa kuwa na idhini ya kanuni ya ECE R90 au kibali kingine kinachokubalika. Kubadilisha breki bila idhini kunaweza kulifanya gari lisiruhusiwe kutembea barabarani. Naona ukali huo una haki, kwa sababu anayeumia breki zikifeli mara nyingi si mwenye gari peke yake.

Historia iliyokwisha kuthibitisha

Mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, yamefundisha somo hili mara kadhaa. Mwaka 1953 Tony Rolt na Duncan Hamilton walishinda wakiendesha Jaguar C-Type yenye breki za diski za Dunlop, wakati wapinzani wengi bado walitumia breki za ngoma. Kwa mara ya kwanza mshindi alipita wastani wa maili 100 kwa saa. Ngoma hufungia joto ndani, diski huliacha wazi kwa hewa, na tofauti hiyo ilionekana saa baada ya saa. Miaka miwili baadaye Mercedes-Benz ilikuja na 300 SLR yenye bamba kubwa nyuma ya dereva lililoinuliwa ili upepo usaidie kupunguza kasi, kwa sababu breki zake za ngoma peke yake zilikuwa na mzigo mzito.

Mwaka 1966, Ford ilipoishinda Ferrari hapo hapo, magari yake mazito yalikuwa yakifika mwisho wa njia iliyonyooka ya Mulsanne kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa kabla ya kona ya polepole. Diski hazikuweza kustahimili hali hiyo kwa saa 24. Fundi Phil Remington alibuni mfumo wa kubadilisha diski haraka wakati wa kusimama kwa huduma. Timu yenye bajeti kubwa kuliko wengi duniani iliona kwamba joto halishindwi kwa nguvu peke yake. Inabidi upange namna ya kuishi nalo.

Mguu wa dereva, na mlima Kitonga

Kifaa kimoja cha kupunguza joto hakiuzwi dukani. Nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi. Dereva wetu wa GT86 akiachia pedeli ya mafuta mapema kidogo na kufika mahali pa kufungia breki akiwa na 180 badala ya 200, kazi ya breki kufika 80 inapungua kwa zaidi ya asilimia 20. Atapoteza sehemu ndogo ya sekunde na kuongeza mizunguko kadhaa ya breki nzima.

Dereva mgeni ana tabia ya kuburuta breki kwa muda mrefu, kwa woga, akizinyima nafasi ya kupoa kati ya kona na kona. Mwalimu mzuri humfundisha kufunga breki kwa uthabiti, kwa muda mfupi, gari likiwa limenyooka, kisha kuziachia kabisa. Humkumbusha pia kwamba mfumo wa kudhibiti utelezi hufanya kazi kwa kubana breki za gurudumu moja moja, hivyo anayeendesha kwa fujo anachemsha hata breki ambazo mguu wake haukuzigusa. Mwishoni humwamuru afanye mzunguko mmoja wa taratibu ili kila kitu kipoe, na asivute breki ya mkono akifika maegesho.

Elimu hii haiishii kwa wenye magari ya spoti. Dereva wa lori anayeshuka Kitonga kwenye barabara kuu ya Tanzania kwenda Zambia, au anayeteremka kuelekea Salgaa nchini Kenya, anapambana na joto lilelile, akiwa na tani nyingi zaidi. Akiburuta breki mlima mzima, ngoma zinapata moto, mshiko unapotea, na matokeo yake tumezika watu mara nyingi mno. Akiweka gia ndogo tangu juu, injini inabeba sehemu kubwa ya mzigo na breki zinabaki na akiba ya dharura. Kanuni inayomlinda yeye ndiyo inayomlinda kijana wa Nürburgring.

Kwa anayejiandaa kwa siku yake ya kwanza ya saketi, ushauri wangu ni huu. Kagua unene wa pedi na diski. Weka mafuta mapya yenye kiwango cha juu cha kuchemka. Funga pedi zinazofaa, uzizoeshe inavyotakiwa. Anza taratibu, sikiliza pedeli, rudi maegesho mara inapobadilika. Baada ya siku kadhaa, soma rangi ya joto na uamue kama unahitaji mabomba ya hewa. Kama bado joto linakushinda, hapo seti kubwa itakuwa imestahili bei yake, na utajua kwa vipimo ni ipi ununue. Kwa gari jepesi kama GT86, madereva wengi hawatafika huko kamwe. Fedha iliyobaki wailipie siku nzima na mwalimu aliyekaa kiti cha pembeni, kwa sababu yeye ndiye atakayewaonyesha ni wapi breki hazikuhitajika kabisa.